Miezi Miwili ya Ndani: Dk. Kornelia Akonaay Anastaafu

Dk. Kornelia Akonaay, mtafiti wa chanjo katika kituo hiki, anastaafu tarehe 30 Juni 1991 baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na minne. Ndugu Hermani, mkuu wa maabara, alinifuata hadi Bashay na karatasi mkononi, akaniomba niandike mimi. Alinieleza kwamba kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Nikamwambia kuwa kati ya wote waliofanya kazi na Kornelia, hakuna aliyeanza mapema kama mimi. Mimi ni Perpetua, mama yake mzazi. Nilisoma madarasa matatu kwa masista, na kalamu naiweza.

Kornelia alianza utafiti kabla hajajua kusoma. Ndama wa baba yake walipougua, yeye alikumbuka yupi aliugua mwaka uliopita akapona. Alisema, "Huyu hataugua tena." Na kweli hakuugua. Baba yake akamwambia aache mambo ya uganga, akachunge.

Mwaka 1957 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuosha vichupa, na nasikia hakuvunja hata kimoja, jambo ambalo nyumbani kwangu hajawahi kulifanya kwa vikombe. Wakubwa zake walimwona, wakampeleka ng'ambo kusoma. Alirudi mwaka 1969 na shahada mbili na miwani. Majirani walinong'ona kwamba miwani itamkimbiza mume. Leo nina wajukuu wanne kwake, na wale majirani ndio hao wanaompelekea barua zao awasomee.

Mwaka 1977 alipewa utafiti mkubwa wa surua, katika vijiji vinavyopakana na mashamba ya ngano ya serikali huko Hanang. Wafanyakazi wa mashamba walikuja kutoka kila mkoa, kambi zikajaa, na kila msimu surua ilipita kwa watoto. Mimi mwenyewe nimezika wawili kwa surua, wadogo zake Kornelia. Kwa hiyo alipopewa kazi hiyo sikumuuliza kama ataiweza. Nilimuuliza ataimaliza lini.

Nieleze kazi yenyewe jinsi alivyonieleza yeye, tukiwa tunachambua maharage. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoichukua kwa mama yake tumboni. Kinga hiyo hupungua mwezi hadi mwezi, mpaka inaisha. Ukimchoma mtoto chanjo wakati kinga ya mama ingali na nguvu, kinga hiyo inaipiga chanjo kama vile ni ugonjwa. Mtoto anarudi nyumbani na alama ya sindano, mama anafurahi, lakini mwilini hamna kitu. Ukichelewa nako, surua inakutangulia. Basi Kornelia alitakiwa kujua kinga ya mama inaisha mwezi gani, ili sindano isiwahi wala isichelewe.

Yeye na Hermani walikusanya damu za watoto mia sita. Vichupa vilihifadhiwa Katesh, kwenye friji ya mafuta ya taa ya Bwana Selemani, mwenye duka, katikati ya soda. Alipoulizwa na wateja vile vichupa ni vya nini, Selemani alijibu, "Hivyo ni vya daktari. Wewe chukua Fanta yako, na uangalie unachochukua." Anasema mwaka ule soda hazikununuliwa sana, na mpaka leo anamlaumu Kornelia kila wakikutana.

Majibu yalipotoka yalishangaza. Yalionyesha watoto wa Hanang wanapoteza kinga ya mama mapema mno, kwenye mwezi wa tano wa umri wao. Ripoti ikaandikwa kwamba huku chanjo ichomwe mwezi wa sita. Wakubwa wakasifu. Kikao cha kuipitisha kikapangwa mwezi Februari 1979.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, nayo sitaifupisha.

Mwishoni mwa Januari nilikwenda Gehandu, kimoja cha vijiji hivyo, kumsalimia Kornelia zahanati, nikakaa kwenye benchi na akina mama. Zamu ikafika kwa Zita, mtoto wa mdogo wangu. Hermani akamuuliza, "Mtoto ana miezi mingapi?"

"Mitano," Zita akasema.

Nikamtazama yule mtoto. Amekaa mwenyewe, ana meno mawili, ananyang'anya kalamu ya Hermani. Na mimi nilikwenda kumpikia Zita uji siku aliyojifungua. Mashine za shamba zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia kuvuna, vumbi lote la ngano likituingilia jikoni.

"Zita, unamdanganya mganga?"

"Shikamoo mama mkubwa. Sijamdanganya. Tangu tutoke nje ni miezi mitano kamili."

"Na ile miwili mliyokaa ndani?"

Akanicheka. "Ile ya ndani nani anaihesabu?"

Benchi zima likacheka, maana hakuna aliyeihesabu. Kwetu mzazi hukaa ndani na mtoto wake miezi yake miwili, na wengi wetu tuliona mtoto anaanza kuwa mtu siku anayotolewa nje watu wakamwona. Ukituuliza ana miezi mingapi, tulikuhesabia kuanzia siku hiyo. Hata Kornelia mwenyewe nilimpeleka kubatizwa nikamhesabia padri hivyo hivyo. Kwa hesabu za Mungu alitakiwa kustaafu Aprili. Serikali imemtumia miezi miwili ya nyongeza, na sidai kitu.

Hermani alicheka pamoja nasi. Kornelia hakucheka. Aliweka sindano chini, akatoka, akasimama nyuma ya zahanati. Nilipomfuata aliniambia, "Mama, wakubwa watahesabu tangu siku ya kuzaliwa. Ripoti yangu itawachoma watoto wakati kinga yenu ingalimo. Itakuwa kama tunawachoma maji. Na nimeshaitia sahihi."

Hermani alimsihi aache kikao kipite kwanza, kisha warekebishe polepole. Miaka miwili ya kazi, alisema, na jina lake limo. Simsemi kwa ubaya, na amekubali niandike. Kornelia alimjibu, "Hermani, wewe una mtoto wa miezi minne. Utamchoma kwa ripoti hii?" Hermani akaenda kuwasha Landrover.

Walianza upya kabla ya kikao, nyumba kwa nyumba, si kwa damu, bali kwa umri tu. Safari hii hawakumuuliza mama yeyote habari za miezi. Waliuliza, "Ulipojifungua, shambani walikuwa wanafanya nini?" Hapo hakuna aliyekosea. Mmoja alisema wanapanda, mwingine ndege ya kunyunyizia ngano dawa ilipita siku ile ile ikamwamsha mtoto, mwingine mashine zilikuwa zinavuna shamba la bondeni. Pascal, karani wa shamba, alikuwa na daftari la kazi za kila siku. Wakalinganisha maneno ya akina mama na daftari lake, na kila mtoto akapata siku yake ya kuzaliwa. Nadhani ni utafiti wa kwanza duniani kufanywa kwa kalenda ya ngano, na kama upo mwingine nionyesheni.

Kinga ya mama ilikuwa inaisha mwezi wa saba kwenda wa nane. Sindano ilitakiwa mwezi wa tisa.

Kikaoni Kornelia alisimama akaiondoa ripoti yake mwenyewe mbele ya wakubwa. Mmoja alimtania: mtaalamu mwenye shahada mbili amedanganywa na akina mama wa kijijini kwao! Akajibu, "Hawakunidanganya. Niliuliza vibaya, na mama yangu ndiye aliyenionyesha." Maneno hayo nimesimuliwa na watu watatu mbalimbali, na wa nne akija nitamsikiliza pia.

Mwaka 1981, watoto wakiwa wameshaanza kuchomwa mwezi wa tisa, surua iliingia tena kambini kwa nguvu. Kornelia alikaa Gehandu wiki sita, na mimi Bashay sikula vizuri. Kisha ikaja barua fupi: "Mama, nimepita nyumba zote tulikochoma sindano. Wanne waliugua, wamepona. Hakuna kaburi jipya. Mtoto wa Zita hajambo, ameninyang'anya miwani."

Kwa niaba ya kituo, namshukuru Dk. Kornelia kwa miaka yake yote. Kwa niaba yangu, namshukuru kwa wiki hizo sita.

Mwanangu, rudi nyumbani sasa, afya iwe nawe na usingizi uwe mrefu. Siku moja twende Gehandu wakati shule inatoka. Wale watoto wamekuwa warefu, baadhi wamewapita mama zao. Watatuamkia shikamoo kwa haraka, wanakimbilia mpira wao, na hawatajua ni kwa nini yule bibi mwenye miwani anawatazama mmoja mmoja hivyo.