Mkamburi, Mpokea Mawe wa Kanisa la Mlimani

Baba Paroko, majirani zetu wa Mghange, na nyinyi mliopanda kutoka Voi kwa barabara hii mbovu, mimi ni Geoffrey, mdogo wake marehemu anayemfuata, na familia imenipa kazi ambayo nisingeiomba.

Dada yetu Jedidah Mkamburi alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Mghange, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mwakio na marehemu Mama Tryphena, akabatizwa katika kanisa hili la Mama wa Mateso, akasoma shule ya msingi hapo chini hadi darasa la saba, kisha akaacha ili mimi nisome, jambo ambalo hakuwahi kunikumbusha hata siku tulizogombana.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa takatifu na Sammy Mwanzia, fundi wa reli pale Voi, wakajaliwa watoto watatu, Obadiah, Janet na Bravin, na mumewe alipofariki mwaka 1996 alirudi nyumbani, akalima mboga, akapewa kazi ya kutunza kanisa, akaifanya hadi mwaka huu.

Kwa wageni niseme kwamba kanisa hili lilianza na mawe. Wazee wetu husimulia kwamba zamani fuvu la marehemu lilitolewa kaburini baada ya muda, likawekwa pangoni pamoja na mafuvu ya babu zake, basi wanaume wa huku walipochukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu na wengi wasirudi, wajane wao hawakuwa na fuvu la kuweka, wakapandisha jiwe kila mmoja, wakayaita mawe yale kwa majina ya waume zao, na padri wa kwanza alipofika akawakuta wakilia hapo, akajenga altare juu ya mawe hayo. Ndiyo maana kila tarehe 15 Septemba mahujaji hupanda na jiwe la mtu wao ambaye hakurudi, na dada yetu ndiye aliyeyapokea, akayaosha, akayapanga ukutani, akamshika mkono kila aliyelia.

Mwezi Mei 2011 Bravin alikwenda kuchimba vito kule Kishushe, shimo likaporomoka, wenzake wakatolewa, yeye hakuonekana chini ya udongo wala juu yake. Tulimsihi dada, mimi nikiwa wa kwanza, apandishe jiwe ili moyo utulie, akatujibu kwamba mwanawe si jiwe, akaendelea kupanga mawe ya wenzake miaka yote hiyo, na katika sala za jumuiya alimtaja Bravin pamoja na wasafiri, kamwe si pamoja na marehemu.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2019, figo zikafuata, na Agosti mwaka huu wa 2025 alipolazwa Voi, akina mama wa jumuiya yake, kwa huruma, sisemi kwa ubaya, walimpandishia jiwe la mtoni lenye jina la Bravin, wakaliweka karibu na altare, wakidhani wamemtua mzigo. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alilikuta akifagia. Hakumgombeza mtu, alilifunga kwa leso mgongoni kama mtoto, akashuka nalo mlima wote kwa miguu iliyovimba, akalirudisha mtoni, na tangu siku hiyo hakuinuka tena kitandani, hadi alipoaga dunia alfajiri ya tarehe 4 Oktoba, Janet akiwa amempakata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi, Baba Paroko, walimu wanaofundisha na Obadiah, majirani mliochimba kaburi katika ardhi hii yenye mwamba, na akina mama wa jumuiya, ndiyo, nyinyi pia, maana mlimpenda, na mnajua nimewakasirikia, lakini nimechoka.

Kikao cha familia kilibishana kama mbele ya jina la Bravin liandikwe neno marehemu, nami nimelisoma jinsi mama yake alivyotaka. Sasa tunaelekea kaburini, ambapo watoto watatupa udongo kwa kufuatana walivyozaliwa, Obadiah, kisha Janet. Ikifika zamu ya Bravin, nawaomba mtu yeyote asitupe kwa niaba yake, tutasimama kimya, tumngoje kidogo, halafu wenye majembe waendelee.

Lala kwa utulivu, dada yangu Mkamburi.