Kikombe cha Marehemu Kina Gramu Ngapi?

Mimi nauza kahawa, siuzi akili, lakini kwenye benchi langu watu huja kutafuta vyote viwili. Jana asubuhi Fundi Saa alifika macho mekundu. Mkewe ana miezi miwili kaburini, na binti yao, anayefanya kazi kwenye tanuri la mikate, anataka kuoka keki ya mama yake. Marehemu alipima kwa kikombe. Kule kazini kila kitu ni mizani. Binti ameshajaribu mara tatu, na mara tatu keki imetoka ngumu. Basi Fundi akaja na kikombe chenyewe, cha bati, na unga ndani ya mfuko. Roho iliniuma kumtazama.

— Kazi ndogo hiyo! — akasema Profesa, mwalimu mstaafu asiyekubali kushindwa. — Kikombe cha maji ni gramu mia mbili na hamsini. Unga nao vivyo hivyo.

— Unga na maji wapi na wapi? — akang'aka Bucha, mwenye duka la nyama hapo jirani. — Kilo ya mapafu inajaza karai, kilo ya ini unaibeba mkononi!

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa wahenga wanaingiaje hapa?

— Kibaba, Bucha! Hawakusema hujaza kilo. Walijua mizani italeta balaa.

Bucha akaenda kuleta mizani yake. Akachota unga: gramu mia na ishirini. Profesa akachota, akashindilia kwa dole gumba: mia na sitini. Nikajaribu mimi: mia na arobaini. Kikombe ni kilekile!

— Mizani yako mwizi, — akasema Profesa.

— Ishia hapo hapo! Mizani yangu haina kosa. Juzi mvua ilinyesha, unga umekunywa maji.

— Kumbe unapumua! Ukiupima umevuta pumzi, lazima uzidi.

— Na ukipimwa na mwenye huzuni unakuwa mzito, — nikaropoka mimi. Nikajuta papo hapo.

Fundi hakucheka.

— Jamani, nisaidieni. Usiku kucha mtoto amelia jikoni. Anasema mama yake amekufa mara ya pili.

Ndipo binti mwenyewe akatokea, na aproni ya kazini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, bosi ameniuliza kitu nikashindwa kujibu. Likizo nilikuwa narudi kutoka bweni nakuta keki imeshaiva. Eti mama alikuwa anakijaza kikombe kwa kilele, au anasawazisha kwa kisu?

Fundi akakishika kile kikombe kwa mikono miwili.

— Mwanangu, saa ya mtu nikiifungua mara moja tu, najua kila skrubu ilipokaa. Mama yako kanipikia miaka ishirini na sita, na mimi nipo sebuleni naita, "Bado tu?" Sijui, mama. Sikuwahi kuangalia.

Binti akakaa kando yake. Wakalia wote wawili pale benchini, mchana kweupe, na Bucha akabeba mizani yake kimya kimya.

Sikumaliza hata birika. Nikaenda nyumbani, nikamkuta mke wangu anakanda unga. Nikasimama mlangoni mwa jiko.

— Wewe! Unatafuta nini huku?

— Endelea tu, — nikamwambia. — Nakuangalia.