Mzee Gibson Mwashiuya Hakuwa Mlevi

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani na nyote mliofika hapa Isansa katika mvua hii, mimi ni Jairo, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee habari za maisha yake.

Kaka yetu Gibson Isaka Mwashiuya alizaliwa tarehe 9 Juni 1947 hapa hapa Isansa, wilayani Mbozi, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, kisha akawa mpimaji wa kahawa katika chama chetu cha ushirika, hadi mwaka 1995 wanunuzi binafsi walipotuingilia na chama kikafifia, akarudi shambani. Tarehe 18 Septemba 1971 alifunga ndoa na Ketrina, Mungu akawajalia Boazi, Nesta na Angel, ambaye anafanya biashara Tunduma. Mwaka 1998 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye hata togwa alikuwa anauliza kwanza imekaa tangu lini, isije ikawa imechacha na kugeuka pombe.

Pasaka ya mwaka 2012 ulimi ulimwia mzito akisoma somo, miguu ikaanza kuyumba, mate yakamtoka, na sisi watu wa huku mtu akiwa hivyo tunajua jibu moja tu, pombe. Shemeji Ketrina aliapa kwamba mumewe hanywi, akajibiwa kuwa mke humsitiri mume, na mwezi Agosti kaka akatengwa na meza ya Bwana.

Mwezi Mei 2013 daktari jijini Mbeya alitueleza, mimi na Boazi, kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna neva zinazoendesha misuli, na humo mwili hutengeneza protini na kuziondoa zilizochakaa, lakini umri ukisonga usafi huo huzidiwa, zilizojikunja vibaya hurundikana kama maganda ya kahawa yanavyoziba mfereji, na kwa watu wachache neva hizo hufa. Nilimuuliza kwa nini yampate kaka, wakati wenzake wa rika lake bado wanalima, akasema hajui, na dawa ya kuponya hakuna.

Niliwaeleza wazee, wakasema mgonjwa naye anaweza kuwa mlevi, ila wakakubali arudishwe. Kwa desturi yetu aliyetengwa hutubu mbele ya kanisa kwa kinywa chake, na kwa kuwa chake kilikuwa hakitamki neno tena, wakamtaka ainamishe kichwa tu. Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2013 alikaa kitini akimkazia macho mchungaji, akakataa kuinama, mpaka shingo ikashindwa, kichwa kikaanguka kifuani, na kanisa zima likaitikia amina. Alilia, nami nilikuwa nimeketi kando yake.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 2014, pumzi ikimpungua huku tunamtazama. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba na kumgeuza, mliofanya naye kazi kwenye mizani, na ninyi wazee wa kanisa, ambao tunawasihi, kabla jeneza halijateremshwa, mseme mbele ya watu hawa kwamba hakutubu ulevi, kwa sababu hakulewa.

Kaka, pumzika kwa amani, hakuna tena atakayekutaka uinamishe kichwa.