Mbao Nne za Mama Cherehani

Kijiwe kilikuwa ubavuni mwa kibanda cha Kinyozi: benchi refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali, jiko la mkaa, birika, na vikombe vinavyosuuzwa katika maji yaliyokwisha kuona mengi. Hapo serikali huangushwa kila asubuhi na kusimikwa tena kabla ya adhuhuri. Siku hiyo serikali zilipumzishwa. Digrii, kijana aliyesomea upambaji wa nyumba hadi chuo kikuu kisha akarudi kulala kwenye kochi la mama yake, alikuja na mbao nne kwapani, akaziegemeza kwenye ukuta wa ng'ambo ya kichochoro zipigwe na jua. Njano, samawati, kijani, pichi. Zote rangi za upole. Kisha akakaa, akakunja nne, akanuna. Kununa ndiyo kazi pekee aliyokuwa amepata tangu ahitimu.

— Nataka jibu leo, alisema. Fundi Rangi anaanza chumba cha mama kesho.

Fundi Rangi alikuwa hapo hapo pembeni yake, suruali yake imebeba historia ya kuta zote za mtaa.

— Mimi nilishasema. Krimu. Krimu haijawahi kugombana na mtu.

— Krimu si rangi, Fundi. Krimu ni uoga.

— Sasa kijana, mtaalamu ni wewe, mtihani unatuletea sisi wananchi? aliuliza Waziri. Huyu alikuwa tarishi mstaafu. Alizungusha mafaili ya wakubwa mpaka akaanza kuongea kama wao.

Digrii alikizungusha kikombe mkononi. Hakuwa na mazoea ya kuomba.

— Daktari wa macho anasema mishipa ya macho ya mama inakauka. Kaniambia mimi, yeye hajui. Rangi ndizo zitakazotangulia kuondoka, halafu maumbo, halafu basi. Ila muda upo, kasema. Nataka kila akifumbua macho asubuhi akutane na rangi. Ashibe. Zikija kuondoka, awe na akiba.

Ndani ya kibanda mashine ya kunyolea ilizimwa. Kinyozi akatokeza kichwa, kitambaa begani.

— Pole sana, mdogo wangu.

— Pole siwezi kuipaka ukutani, bro. Nipeni rangi.

Maana huyo mama, mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, ndiye aliyemfundisha rangi. Tangu Digrii akiwa mfupi kuliko meza ya cherehani, alikuwa akimwona anatoka nje na kitambaa, analaza uzi juu yake, anaugeuza juani huku na huku. "Taa ya ndani ni mwongo," alikuwa akisema. Chuoni wahadhiri walimfundisha jambo hilo hilo kwa Kiingereza, wakalitoza ada.

— Nyekundu, alisema Kinyozi. Kibanda changu ni chekundu, umeshaona mteja anasinzia? Nyekundu inaamsha damu. Damu ikiamka, mishipa nayo itakauka vipi?

— Excuse me, hiyo ni sayansi ya wapi?

— Ya kiti hiki. Wewe ulipata yako kwenye kiti gani?

Benchi likacheka. Hata Digrii alivuta mdomo kidogo.

— Kijani, alitangaza Waziri. Ofisini kwetu kuta zilikuwa kijani miaka yote. Sikuwahi kusikia ofisa kafa ofisini.

— Walikuwa hawaji, mzee, alisema Kinyozi.

— Ndiyo nguvu ya kijani! Inamtunza mtu hata akiwa hayupo.

— Jamani, msimchoshe, alisema Fundi. Mgonjwa anatazama juu. Tuache kuta, tupake dari. Tena rangi ianzie darini imteremkie usingizini. Mimi nikipaka bluu siku nzima, usiku naota bluu. Inaingia ngozini.

— Basi kila ukuta na rangi yake! Kinyozi alikuwa ametoka nje kabisa sasa, mteja wake kabaki kitini na kichwa kimenyolewa nusu. Mlango njano, kitanda pichi, dirisha samawati. Atatembea kwa rangi kama dereva kwa taa za barabarani.

— Na zikizimika? aliuliza Fundi.

Waziri akakohoa kiofisa, akageukia mbao.

— Hizi mbona hakuna inayong'aa kushinda mwenzake?

Hapo Digrii alinyooka. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alifanana na mtu mwenye kazi.

— Ndiyo ufundi wenyewe, mzee. Same value, different hue. Nimekesha nazichanganya: hakuna iliyokolea kuliko mwenzake, hakuna iliyofifia kuliko mwenzake. Nimeondoa kila tofauti, imebaki rangi tupu. Ili jicho lichague rangi, si mwangaza.

— Haya, hapo kweli umesoma, alisema Fundi.

— Na mimi naona daktari kakutisha bure, Kinyozi alidakia. Mama yako bado moto. Juzi kamshonea mke wangu gauni la bluu kwa uzi wa kijani, kila mshono unaonekana. Mke wangu anatamba nalo, anasema ndiyo mtindo.

— Contrast hiyo, alisema Digrii haraka mno. Mama yuko mbele ya wakati.

Akapeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu.

Ndipo Mama Cherehani mwenyewe alipotokea mwanzoni mwa kichochoro, kiganja kimoja kikifuata ukuta, kingine kimeshika sindano na kipande cha uzi.

— Shikamoo mama, alisema Kinyozi, akijificha nyuma ya kitambaa chake mwenyewe.

— Marahaba, wanangu. Yuko wapi wangu? Nimekuja anitungie huu uzi. Sindano za siku hizi wanazitoboa kwa hila.

Kiganja chake kikagota kwenye ubao wa kwanza. Akasimama. Akainama karibu, akaupita, akaukaribia wa pili, wa tatu, wa nne. Jua lilikuwa limezipiga zote. Akarudi kwenye ule wa kwanza, akautazama kwa ubavu wa jicho, kama alivyokuwa akitazama uzi juu ya kitambaa.

— Vizuri, alisema. Safi kabisa, hakuna alama ya brashi. Ila mwanangu, mbao zote nne kwa nini umezipaka rangi moja?

Fundi alitazama suruali yake. Waziri akachukua birika, akamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Mteja mwenye kichwa nusu alishuka kitini kuja kuona kimetokea nini.

— Au ndiyo mtindo wa huko mlikosoma? Mama alitabasamu kuelekea benchini, mahali ambapo Digrii hakuwepo, kwa sababu alikuwa ameshasimama mbele yake. Mbona kimya? Nimeuliza tu.

— Lete sindano, mama.

Akaipokea. Macho mazima, ya kijana, jua la asubuhi limemwagika mikononi mwake. Akaulamba uzi, akausogeza, ukapita pembeni. Akausogeza tena. Tundu hakuliona.