Fundi Athanas na Mwanya wa Mjukuu Wake

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize, na anayejisikia kucheka acheke, maana marehemu mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Marehemu Athanas Leonard Mloka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Nyandira, katika milima ya Uluguru, mtoto wa tatu wa mkulima wa kabichi, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1975 na sekondari Morogoro mjini hadi 1979, na kote huko alisifika kwa kukoroma, kwa kuwa kaakaa lake lilikuwa jembamba na pua haikumtosha.

Mwaka 1983 hadi 1986 alisomea ufundi wa maabara ya meno Dar es Salaam, akarudi Morogoro kutengeneza vile vifaa vya chuma vinavyobanwa kwenye meno ya juu, vyenye skrubu katikati, ambayo mzazi huizungusha kidogo kila siku mpaka mfupa wa kaakaa uachane, njia ya pua ipanuke, na meno ya mbele yaache mwanya.

Tarehe 7 Januari 1989 alifunga ndoa na Rosa wa Gairo, mwenye mwanya wa kuzaliwa, na kwa wivu wa mwanya huo bwana harusi alikuwa amejitengenezea kifaa kwa siri kabla ya harusi, akazungusha skrubu mwezi mzima, akipuuza alichofundishwa kwamba mfupa wa mtu mzima umekwisha kushikana, basi mfupa ukagoma, meno yakainama nje, na ndiyo maana katika picha zote za harusi amefumba mdomo. Walijaliwa watoto wawili, Stella na Brian.

Tangu hapo alikuwa akisema mfupa wa mtoto husikia, wa mkubwa una kiburi, na wazazi walipotaka kifaa kitolewe haraka ili mtoto abaki na mwanya, alipanda mlima kwa miguu kuwaeleza kwamba mwanya hujifunga wenyewe, kifaa kikae miezi sita mfupa mpya ukomae, kinachobaki ni pumzi.

Januari mwaka huu wa 2025 moyo wake ulidhoofu, akaomba jambo moja tu, amtengenezee kifaa Diana, binti wa Stella, mwenye miaka tisa, aliyerithi kaakaa lake na mkoromo wake, na auone mwanya kabla hajaondoka. Alikitengeneza kwa wiki tatu, daktari akakifunga tarehe 2 Juni, bibi Rosa akashika ufunguo wa kuzungushia skrubu, babu akahesabu mizunguko akiwa kitandani, nasi tukaogopa kwamba atatangulia yeye. Jumanne tarehe 10 Diana alifungua mdomo, babu akawasha tochi, akatazama, akacheka mpaka akakohoa, na Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni na unga kabla hatujaomba, na mafundi wenzake waliosaga chuma pale mikono yake iliposhindwa.

Mwanya huo utajifunga baada ya miezi michache, kama alivyosema mwenyewe, kwa hiyo tunamwomba Diana asogee hapa karibu na babu, acheke, muuone ungali wazi.

Pumzika kwa amani, fundi, mfupa umesikia.