Emil Hrabovsky na Nafasi ya Kwenye Uzio

Emil Joseph Hrabovsky alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Struthers, Ohio, mtoto wa tatu wa Andrej, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mkewe Helen. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa kanuna, na ukaidi ulitangulia kutoka. Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya hapo hapo mjini, akahitimu mwaka 1969. Hesabu aliziweza. Kuimba hakukuweza, ila kanisani aliimba kwa nguvu zake zote, na waliokaa benchi la mbele yake ni mashahidi.

Alimwoa Loretta DiNardo tarehe 15 Juni 1974. Meza ya biskuti zilizookwa na mashangazi wa pande zote mbili ilikuwa ndefu kuliko ya maharusi, na Emil alikula hadi akashindwa kucheza. Walijaliwa watoto wawili, Paul na Teresa.

Kazi yake ilikuwa moja tu. Kuanzia Juni 1970 hadi alipostaafu mwaka 2004, alipachika milango kwenye magari madogo ya chini katika kiwanda cha magari. Hata uzeeni, mgeni akibamiza mlango wa gari uani, Emil aliacha supu yake ili asikilize kama ulipachikwa sawasawa. Mwaka 1981, magari ya ng'ambo yalipoanza kuwapokonya watu kazi, ni yeye aliyepaka rangi kibao cha maegesho ya ukumbi wa chama cha wafanyakazi: MAGARI YA KIGENI NYUMA, KWENYE UZIO. Aliyekipuuza alitaniwa mpaka akome.

Kisha kampuni ikaacha kutengeneza magari madogo. Wakubwa walisema watu wanataka pikapu na magari ya juu tu, yale makubwa yaliyoinuka. Lile la mwisho lilipotoka kiwandani, Machi 2019, Emil alisimama getini na wenzake, akalia bila kujificha. Miaka miwili baadaye gari lao wenyewe liliisha kwa kutu ya chumvi ya barabarani, na Loretta alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga. Walizunguka kwa wauzaji wote wa magari ya humu nchini, wakakuta ya juu tu. Mmoja akamletea Loretta kijingazi cha kupandia.

"Mwanangu, mimi ni bibi, si mbuzi," Loretta alimwambia. "Emil, twende zetu."

Mwishowe Emil alinunua gari dogo la kigeni, kwa sababu alimpenda mkewe kuliko msimamo wake. Siku ya mkutano wa wastaafu hakusubiri kuambiwa. Alilipeleka mwenyewe kwenye uzio, akarudi hadi mlangoni kwa miguu. Alipogundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, Februari 2023, aliendelea kupaki huko huko, akivuta pumzi njiani kwa kuegemea pikapu za wenzake.

"Paki mlangoni, mkaidi we!" mwenyekiti wao, Gus Petrakis, alimfokea. "Wewe hukutuasi. Wakubwa wa kampuni ndio walioacha kuyatengeneza magari madogo."

"Basi waambie wayatengeneze tena, nitahamia mbele."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Loretta. Alikuwa amemwomba jambo moja: gari lile lisionekane kwenye mazishi yake, wenzake wasije wakamzika kama msaliti.

"Na mimi nije na nini, Emil? Ufagio?" Loretta alimuuliza. Emil alicheka hadi akakohoa, lakini ombi hakulitengua, na lilimuumiza sana mkewe.

Juzi Gus alibisha hodi. "Dada, njoo na gari lako," alisema. "Tumeshakubaliana wote."

Kwa hiyo, tukitoka makaburini, chakula kitakuwa ukumbini. Wenye pikapu na magari ya juu mnaombwa kupaki nyuma, kwenye uzio. Nafasi ya mlangoni ni ya gari dogo la Loretta.

Emil ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na dada yake, Irene. Mungu amlaze mahali pema, na pawe karibu na mlango.