Mzee Nasiri Anastaafu, na Neno "Uzembe" Halijafutwa

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya mbao hapa Kimisagara, Mzee Nasiri Mugenzi anastaafu leo, tarehe 30 Septemba 1993. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake na kuusoma mbele yenu. Ofisi nayo imenishauri niandike mambo ya furaha tu. Ya furaha yapo, nami nitayaandika. Lakini mtu anayeondoka na jicho moja hawezi kuagwa kana kwamba alizaliwa nalo moja.

Aliingia hapa mwaka 1967, kijana wa Nyamirambo mwenye randa ya baba yake. Alitengeneza milango, vitanda na madawati. Watoto wa shule hadi Kabuga wamekalia kazi ya mikono yake. Mashine ya kukereza, inayozungusha mti ili patasi iuchonge, ilipoletwa mwaka 1990, mafundi vijana waliikimbilia, kisha wakaikimbia. Yeye, akiwa amepita hamsini, alibaki nayo. "Kwenye mlango, mti unatulia, mimi nazunguka," alisema. "Hapa mti unazunguka. Acheni nijifunze kutulia."

Alijifunza kwa kuharibu. Patasi ilinasa, magogo yakapasuka. Bakuli lake la kwanza, la mjakaranda, lilichomoka mashineni, likapita dirishani na kutua katikati ya nyanya za Mama Nyirahabimana, aliyekuwa akiuza ng'ambo ya njia. Mzee alipokwenda kuomba radhi na kulichukua, mama alikataa. "Limekuja lenyewe," alisema, "na nimeshalitilia chumvi." Tulicheka wiki nzima. Mwaka ulipokwisha, mabakuli yake yalikuwa membamba hata ukiyagonga kwa ukucha yanalia.

Sasa nafika pale ambapo ofisi haitaki nifike.

Mwaka 1991 kishikio cha mashine, yaani ile sehemu yenye meno inayobana mti usitoke, kiliingia ufa kwenye jino moja. Mzee Nasiri alimwita mkurugenzi wetu, Bwana Eustache, akamwonyesha ule ufa kwa kidole. Nilikuwapo, nikipiga msasa kwenye meza ya pili. Aliomba kishikio kipya na kinga ya uso. Bwana Eustache alijibu, "Mzee, nchi iko vitani, wewe unaniletea habari za jino? Kaza vizuri, endelea." Mwezi uleule ofisi yake ilitiwa mapazia mapya. Mzee akaomba tena. Akajibiwa vilevile.

Jino likakatika gogo la mparachichi likiwa katika kasi. Gogo likachomoka, likampiga usoni. Tulimkimbiza hospitali, lakini jicho la kushoto halikuokoka. Kesho yake asubuhi Bwana Eustache alitukusanya uani na kutangaza, "Huu ni uzembe wa mfanyakazi."

Uzembe! Mtu aliyeuonyesha ufa kwa kidole chake! Hasira ile sijaimeza mpaka leo, wala sina nia ya kuimeza.

Siku hiyo hakuna aliyewasha mashine. Fundi Kamanzi alimwambia mkurugenzi, "Kama ni salama, bosi, washa wewe. Sisi tutatazama." Hakuwasha. Wiki haikuisha, kishikio kipya na kinga za uso vikawa vimefika. Kumbe vilikuwa vikipatikana hapahapa mjini muda wote!

Mzee aliporudi, jicho moja halikuweza kumpimia umbali; hata kumimina chai kulimshinda. Ilimwagika nje ya kikombe. Mabakuli yalitoka mazito upande mmoja. Ofisi ilimpa ufagio. Aliuegemeza ukutani, akarudi kwenye mashine, akaanza kukereza vyungu vya mti vyenye mdomo mwembamba, ambamo patasi huingia bila fundi kuona inakokwenda. "Humu ndani hata mwenye macho mawili ni kipofu," alituambia. Alifuata sauti ya mti, inayobadilika kadiri ukuta unavyopungua. Vingi vilitoboka, akavunjika moyo, akarudi tena. Mwaka 1992 cha kwanza kilisimama kizima. Mimi na Kamanzi alitufundisha kazi hiyo tukiwa tumefumba macho, naye amesimama nyuma yetu akisema, "Sikia. Sasa acha."

Leo wageni wakija, Bwana Eustache hukimbilia kuwaonyesha vyungu hivyo. Lakini lile neno hajalifuta.

Bwana Mkurugenzi, umeketi mstari wa mbele, Mzee yuko kando yako. Ulilisema mbele yetu, basi lifute mbele yetu, kabla Fanta hazijafunguliwa. Tutangoja, hata zikipata joto.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Mungu akupe afya na usingizi mtamu, na miaka iliyobaki ikawe yako na ya watu wako.

Gahongayire, fundi msasa na mkereza

*Kwa wasiokuwapo:* Niliposhusha karatasi, Bwana Eustache alisimama, akasema ile ilikuwa bahati mbaya. Mzee Nasiri hakuinua kichwa. Tukangoja. "Hakuwa mzembe," mkurugenzi akasema mwishowe, chinichini. Kamanzi akapaza sauti, "Wa nyuma hawajasikia!" Mkurugenzi akarudia, safari hii kwa sauti: "Mzee Nasiri hakuwa mzembe. Aliniambia, mimi nikapuuza." Ndipo Mzee akainuka, akatutazama sote, akasema, "Haya, fungueni."